Mfumo Haukatai, Mtu Ndiye Anayekataa

Kuna sentensi moja inayosikika siku hizi katika madirisha ya huduma kuanzia Mombasa hadi Mwanza: "Mfumo umekataa." Karani huisema bila kuinua macho kutoka kwenye skrini, na mwananchi huipokea kama anavyopokea habari za kiangazi. Hukusanya karatasi zake, akazirudisha kwenye bahasha ya kaki, akampisha anayefuata kwenye foleni. Haulizi ni nani aliyekataa, maana sentensi yenyewe haikumwachia nafasi ya kuuliza.

Gazeti hili linasema sentensi hiyo si ya kweli. Kukataa ni tendo la mwenye nia, na mashine haina nia. Nyuma ya kila mfumo yupo aliyeamua kipimwe nini, yupo aliyepanga kipi kiwe na uzito kuliko kipi, yupo aliyetia saini mkataba wa kuununua, na yupo aliyeketi dirishani akiutumia. Hao wote wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Anayejificha nyuma ya neno "mfumo" ni mtoro kazini, hata kama ameketi kitini pake tangu asubuhi.

Hatuandiki haya kwa kuichukia teknolojia. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa zilianzisha M-Shwari nchini Kenya. Kabla yake, kukopesheka kulikuwa na masharti yanayojulikana: hati ya mshahara, hati ya ardhi, au mdhamini mwenye mojawapo. M-Shwari iliangalia kitu kingine, yaani kumbukumbu za simu ya mteja: anavyonunua muda wa maongezi, na fedha zinavyoingia na kutoka kwenye akaunti yake ya M-Pesa. Muuza mboga asiye na karatasi yoyote ila laini ya simu akaweza kukopa usiku na kuwa sokoni alfajiri. Miaka miwili baadaye Tanzania ikapata M-Pawa kwa mtindo huohuo. Huo ulikuwa msaada wa kweli kwa watu ambao benki hazikuwahi kuwafungulia mlango.

Kisha zikaja programu za mikopo zilizotaka kujua zaidi. Mtu huzipakua akiwa amebanwa: mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, au mgonjwa anasubiri dawa. Skrini inamuuliza kama anairuhusu kusoma orodha ya majina kwenye simu yake, kusoma ujumbe wake mfupi, na kujua alipo. Kila swali lina vitufe viwili, lakini akibonyeza cha kukataa, mkopo haupo. Anabonyeza "Ruhusu" mara tatu, na baada ya dakika chache shilingi elfu mbili zinaingia. Hakuna aliyemwambia kwamba orodha ile, yenye shangazi yake, mwenye nyumba, mwalimu wa mtoto na katibu wa chama cha kuzikana, sasa imehamia kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua. Atafahamu siku atakapochelewa kulipa, simu zitakapoanza kulia kwa hao wote: "Unamfahamu fulani? Mwambie alipe deni."

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Dhamana ni kile anachoweka mkopaji ili aaminiwe. Dhamana pia ni jukumu analokabidhiwa mtu kwa niaba ya wengine. Katika biashara hii dhamana ya kwanza ilichukuliwa yote, hata isiyokuwa mali ya mkopaji, maana utulivu wa shangazi si wake kuuweka rehani. Dhamana ya pili haikubebwa na mtu yeyote.

Vyombo vya usimamizi viliamka, ingawa kwa kuchelewa. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilizizuia kampuni za mikopo zisizosimamiwa zisipeleke majina ya wadaiwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, ambako deni la shilingi mia chache lilitosha kumchafulia kijana jina. Sheria iliyoanza kutumika Desemba 2021, pamoja na kanuni zilizofuata Machi 2022, ziliweka sharti la leseni na kupiga marufuku vitisho, matusi na kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya mkopaji. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine, kisha kuwatumia wenyewe ujumbe wa vitisho. Nchini Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Wananchi walikuwa na jina la mikopo ya namna hiyo zamani: kausha damu.

Tunazipongeza hatua hizo, kisha tunasema hazitoshi. Zimeugusa ulimi wa mdai, hazijaigusa akili yake. Leo mkopeshaji mwenye leseni hatakutukana, lakini bado anaweza kukukatalia, kukupunguzia kikomo au kukupandishia gharama bila kukueleza kwa nini. Ukiuliza, utaambiwa ni alama zako. Ukiuliza alama zimetoka wapi, utaambiwa ni algorithimu, yaani kanuni ya kukokotoa inayofuatwa na kompyuta. Ukiuliza aliyeiandika ni nani, mazungumzo yamekwisha.

Kampuni binafsi ukiichoka unaweza kuihama. Serikali huihami, na huko ndiko upimaji huu ulikofika.

Mwaka 2023 Kenya ilibadili utaratibu wa kugharamia elimu ya vyuo vikuu. Mwanafunzi hujaza taarifa za familia yake mtandaoni, chombo cha kupima uwezo hukokotoa, na jibu humweka kwenye daraja linaloamua sehemu ya ada itakayotolewa na serikali, sehemu itakayokuwa mkopo na sehemu itakayobaki kwa wazazi. Katika daraja la kwanza familia huchangia asilimia 5 ya ada. Katika daraja la tano, asilimia 40. Mwaka 2024 malalamiko yalijaa vyuoni, wanafunzi wakisema wamepangwa na watoto wa wenye nazo ilhali nyumbani hakuna kitu. Rais aliunda kamati ya kuupitia utaratibu huo. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Mahakama zitamaliza kazi yao. Lakini kijana aliyepangwa vibaya hakuwa na miaka ya kusubiri rufaa. Alikuwa na wiki chache tu kabla ya chuo kufunguliwa.

Oktoba 2024 ikaanza kazi Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, SHA, inayosimamia bima ya afya ya umma. Mwenye ajira rasmi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hukisiwa mapato ya kaya yake, kisha asilimia hiyohiyo hutolewa kwenye makisio, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Tulitazame kisio hilo kwa karibu. Mwombaji huulizwa ukuta wa nyumba ni wa nini, na paa je. Choo ni cha aina gani. Wanapikia kuni, makaa au gesi. Wana runinga au hawana. Wana mifugo mingapi. Maswali hayo hayaulizi jana ameingiza shilingi ngapi, kwa kuwa mtu wa jua kali hana hati ya kuthibitisha jibu. Badala yake, wataalamu huchukua takwimu za kaya zilizowahi kuhojiwa kwa kina, wakaangalia wenye paa kama lile na choo kama kile walitumia fedha kiasi gani, wakakisia kwamba nawe ni vivyo hivyo. Kaya elfu zikijumlishwa, makisio yanaweza kuukaribia ukweli. Kwa kaya moja yanaweza kukosea vibaya, na anayekwenda hospitali ni mgonjwa wa kaya moja.

Chukua mfano wa mzee anayeishi kwenye nyumba ya mawe aliyojengewa na mwanawe alipokuwa akifanya kazi Doha. Mwana amerudi, kazi hana, nyumba bado imesimama. Kwa hesabu ya mashine ukuta ule ni utajiri, lakini mzee hawezi kubandua jiwe moja akalinunulia dawa ya shinikizo la damu. Jirani yake aliyepanga chumba cha mabati, mwenye pikipiki tatu za bodaboda barabarani, huenda akahesabiwa maskini. Wote wawili wamepewa jibu na kanuni moja, na hakuna anayejua jibu lake lilivyopatikana. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Tuliahidiwa kwamba data ingetufanya tujulikane, hata sisi tusio na hati wala mjomba ofisini. Kilichojulikana ni paa la nyumba.

Tanzania ilipokuwa ikitafuta kaya maskini za kupewa ruzuku kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, hesabu za namna hiyo zilitumika pia, lakini hazikuachiwa kazi yote: wanakijiji walikutana na kuwataja wanaowajua kuwa na dhiki. Mkutano wa kijiji nao una kasoro zake, hasa pale mwenye sauti kubwa anapokuwa na binamu. Hata hivyo ni kikao chenye mwenyekiti anayejulikana anapoishi. Aliyeonewa ana mlango wa kubisha.

Anayedhani haya ni maradhi ya nchi maskini aitazame Uholanzi. Mamlaka ya kodi ya huko ilitumia mfumo wa kukisia udanganyifu kwa wazazi waliopokea ruzuku ya malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa nchi hiyo kukawa miongoni mwa mambo yaliyomwongezea mtu alama za kushukiwa. Makumi ya maelfu ya wazazi walitakiwa kurudisha fedha, wengi wao bila kosa lolote. Familia zikazama kwenye madeni, nyingine zikapoteza makazi. Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa sababu hiyo. Nchi ile ina mahakama imara, magazeti makali na makarani waliosoma. Kilichokosekana kwa miaka ni afisa wa kumwambia mzazi: tulikushuku kwa sababu hii, na kama tumekosea, mimi ndiye wa kurekebisha.

Tunajua hoja za upande wa pili, na hazistahili kudharauliwa. Ya kwanza inasema mashine imetuokoa na karani mla rushwa. Ni kweli kwamba kompyuta haiombi chai. Lakini karani yule tulimjua jina, na tulijua ofisi ya mkubwa wake. Upendeleo ukifichwa ndani ya kanuni ambayo hakuna aliyeiona, haujafutwa. Umehamishwa kutoka dirishani kwenda kwenye chumba ambacho mwananchi hana ruhusa ya kuingia. Hoja ya pili inasema kanuni ikitangazwa, watu watadanganya, wataficha runinga na kukana ng'ombe. Viwango vya kodi ya mapato vinachapishwa kila mwaka, kila mwajiriwa anavijua, na kodi inakusanywa. Wapo wanaodanganya, nao hukamatwa kwa ukaguzi. Hatujawahi kuficha viwango vya kodi ili kuwatega wakwepaji. Kwa nini tuufiche uzito wa paa?

Wala sheria haikukosekana. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya na Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania zinalinda faragha ya mtu. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya inampa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinataka mtu asiamuliwe jambo zito na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa; na hata katika hali hizo ajulishwe kwa maandishi, na aweze kudai suala lake lifikiriwe upya. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo inagusa maamuzi ya namna hiyo. Uganda ilikuwa na sheria yake tangu 2019, Rwanda tangu 2021. Oktoba 2021 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma kwa kuwa serikali ilianza kazi kabla ya kutathmini athari zake kwa data za watu. Basi tatizo si karatasi. Nenda kwenye dirisha lolote uombe sababu kwa maandishi, uone utakavyotazamwa.

Wajibu tunaoudai una wenyewe, na tutawataja.

Wa kwanza ni mkuu wa taasisi anayenunua au kuagiza mfumo wa kuamua mambo ya watu. Huyu asitie saini asichokielewa. Kama hawezi kusimama mbele ya kamati ya bunge akaeleza kwa Kiswahili chepesi mfumo wake unapima nini na hukosea wapi, hana haki ya kuutumia kwa mtu hata mmoja. Tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuzindua, ichapishwe, na ionyeshe wazi ni kaya ngapi katika majaribio zilihesabiwa tajiri kwa makosa. Mkandarasi asipewe nafasi ya kusema kanuni ni siri ya biashara. Akitaka siri auze kwingine. Kinachoamua matibabu ya umma ni mali ya umma.

Wa pili ni msimamizi: makamishna wa data na benki kuu. Kukaa ofisini kusubiri malalamiko ni nusu ya kazi, kwa sababu aliyekataliwa na kitu asichokijua hajui pa kulalamikia wala alalamikie nini. Msimamizi aingie, akague, alete maombi ya majaribio yenye majibu anayoyajua, aone mashine itasema nini. Na rufaa isirudishwe kwenye mfumo uleule uliokataa. Huko ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere.

Wa tatu ni mahakama, ambazo hapa tunazipa heshima yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisema ina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ambamo miongoni mwa walalamikaji ni mtoto wa profesa aliyeuawa Ethiopia Novemba 2021 baada ya machapisho ya chuki dhidi yake kusambaa Facebook. Walalamikaji wanadai kwamba algorithimu ndiyo iliyoyasukuma machapisho ya namna hiyo mbele ya macho ya watu. Uamuzi ule haukusema nani ana kosa. Ulisema jambo la msingi zaidi: mwenye mashine anaweza kuitwa, na akiitwa aje ajibu hapa, ambako walioumia wanaweza kufika.

Wa nne ni sisi wenye magazeti. Hatuna mikono safi. Tovuti za vyombo vya habari, pamoja na zetu, hukusanya nyayo za wasomaji na kuwagawia watangazaji, na wahariri tumejikuta tukichagua vichwa vya habari kwa kukisia mtandao utapenda nini kabla ya kujiuliza msomaji anahitaji kujua nini. Anayedai wengine wajieleze aanze kwake. Msomaji akituuliza tunajua nini kumhusu, tutamjibu kwa maandishi, na jibu litakuwa na jina la mhariri.

Kwa mwananchi hatuna amri ya kutoa, tuna ombi. Ukiambiwa mfumo umekataa, usikusanye karatasi zako bado. Uliza: nani? Uliza jina la afisa, uliza sababu, uliza pa kukata rufaa na ndani ya siku ngapi. Uliza kwa adabu, na kama wa nyuma yako kwenye foleni anaguna, mweleze kwamba zamu yake inakuja. Karani aliye mbele yako huenda naye hajui, na si kosa lake. Lakini akiulizwa swali hilo mara hamsini kwa siku, atampelekea mkubwa wake, na mkubwa naye atalazimika kulitafutia jibu.

Wazee waliofanya kazi kwenye masjala za faili za kaki wanakumbuka kanuni moja iliyofuatwa hata katika ofisi zenye uzembe. Barua ya kumnyima mtu haki yake haikutoka mpaka iwe na tarehe, muhuri, saini, na chini ya saini jina na cheo. Aliyenyimwa aliweza kuishika mkononi, akaipeleka kwa diwani, kwa wakili, kwa mbunge, akasema: huyu hapa ndiye aliyenikatalia. Tumenunua kompyuta za mabilioni, na barua ile imepotea. Tunataka irudi. Kila jibu linalotoka kwenye mashine kwenda kwa binadamu, liwe la mkopo, la ada au la matibabu, liwe na jina chini yake. Asiyekuwa tayari kuliandikia jina lake asilitoe.